Pointi sita za mteremko

*Wikiendi kwenye viwanja vidogo vya Uskoti: kanuni zilizoandikwa kwa kuwatazama wakubwa, gharama wanabeba wadogo*

Na Mwandishi Wetu

BONNYRIGG, Uskoti. Huhitaji kipimo cha fundi kuona kinachobishaniwa hapa New Dundas Park. Simama pembeni, fuatisha mstari wa chokaa kwa jicho mpaka kwenye kibendera cha kona. Uwanja umelala upande. Mpira unaopigwa kuelekea bondeni hukimbia kupita hesabu ya mpigaji; unaopigwa kupanda hufia njiani.

Kwa wenyeji wa mji huu wa Midlothian, kilomita kama 13 kusini mashariki mwa Edinburgh, hilo si jambo la kushangaa. Klabu yao, Bonnyrigg Rose, ilianzishwa mwaka 1881, enzi za migodi ya makaa ya mawe, na vizazi vya watu wa hapa vimekua vikijua ni kipindi kipi timu itapanda na kipi itashuka.

Kwa SPFL, chombo kinachoendesha ligi za kulipwa za Uskoti, mteremko huo ni ukiukaji wa kanuni. Msimu wa 2024-25 Bonnyrigg ilipokwa pointi sita kwa kutotimiza sharti la usawa wa uwanja. Ikamaliza mkiani mwa League Two, daraja la nne, na Mei 2025 ikafungwa kwenye mchujo na East Kilbride. Ikatoka kwenye ligi.

Klabu inayomaliza mkiani huwa na makosa mengi zaidi ya uwanja wake, na Bonnyrigg haikuwa tofauti. Lakini tazama nani aliyechukua nafasi yake. East Kilbride ni klabu ya mwaka 2010. Inacheza kwenye nyasi bandia zilizonyooka kama meza, na mwaka 2016 ilishinda mechi 27 mfululizo, ikaivuka rekodi ya Ajax ya mechi 26. Ni klabu iliyopangwa vizuri na ilistahili kupanda. Swali lililonileta huku ni jingine: je, umbo la ardhi ni kosa la kumpokonya mtu pointi alizozitolea jasho?

Ngazi yenye mlango chini

Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua Uskoti kwa majina mawili, Celtic na Rangers, na pengine kwa jina la tatu, Victor Wanyama. Mkenya huyo ndiye aliyepachika kwa kichwa bao la kwanza la Celtic dhidi ya Barcelona, Novemba 2012, usiku ambao Glasgow haijausahau. Wachache waliona kwamba Machi 2025 alirudi Uskoti, safari hii Dunfermline Athletic, timu ya daraja la pili, chini ya Neil Lennon yuleyule aliyekuwa kocha wake Celtic. Hakukaa zaidi ya msimu ule.

Chini ya kina Celtic kuna ngazi ndefu. SPFL ina vilabu 42: 12 Premiership, halafu kumi kumi kwenye Championship, League One na League Two. Kwa muda mrefu aliyekuwa ndani hakutoka, na aliyekuwa nje aliingia pale tu mwanachama alipofilisika au ligi ilipoamua kujipanua. Ross County na Inverness waliingia hivyo mwaka 1994. Elgin City na Peterhead mwaka 2000. Annan Athletic mwaka 2008, baada ya Gretna kufa.

Tangu msimu wa 2014-15 mlango wa chini uko wazi. Mabingwa wa ligi za chini yake, Highland League na Lowland League, walianza kukutana, na mshindi kupambana na wa mwisho wa League Two. East Stirlingshire, klabu iliyompa Alex Ferguson kazi yake ya kwanza ya ukocha mwaka 1974, ilikuwa ya kwanza kuanguka, mwaka 2016. Wakafuata Berwick Rangers 2019, Brechin City 2021, Cowdenbeath 2022, Albion Rovers 2023, kisha Bonnyrigg. Hadi msimu wa 2024-25 unamalizika, hakuna hata kimoja kilichokuwa kimerudi.

> Vilabu sita vilitoka kwa mlango wa chini kati ya 2016 na 2025. Hadi kufikia Mei 2025, hakuna kilichokuwa kimerudi.

Kwa hiyo pointi sita si jambo dogo. Chini kabisa ya ngazi, pointi sita zinaweza kuwa tofauti ya kuwa na mgawo wa fedha za ligi na kutokuwa nao.

Arbroath, ukutani mwa bahari

Treni kutoka Edinburgh inavuka daraja la Forth, lile jekundu la mwaka 1890, inakatiza Fife, inavuka mto Tay na kuingia Dundee, halafu inaifuata pwani mpaka Arbroath. Kutoka stesheni unatembea kwa miguu tu. Harufu ya samaki wa moshi inakufikia kabla hujaziona taa za uwanja.

Samaki huyo ni haddock. Hutiwa chumvi, hufungwa wawili wawili mkiani kwa uzi, na kuning'inizwa juu ya moto wa magogo ya mti mgumu hadi ngozi iwe rangi ya shaba. Tangu 2004 jina lake linalindwa kisheria: asiyetengenezwa eneo hili hawezi kuuzwa kama samaki wa Arbroath. Nilimla kwa vidole, amelazwa kwenye karatasi, mgongo nimeupa upepo.

Uwanja unaitwa Gayfield. Wenyeji hudai hakuna mwingine Ulaya ulio karibu na bahari kuliko huu, na ukisimama kwenye kona ya upande wa maji huoni sababu ya kubishana nao. Kati ya ukuta wa uwanja na Bahari ya Kaskazini kuna njia ya kutembea, basi. Dhoruba ikichafuka, mawimbi hupiga ukuta na manyunyu yakaangukia mashabiki.

Kipa wa hapa ana elimu yake. Jumamosi hiyo upepo ulitoka baharini. Nilimwona kipa wa wageni akiutenga mpira, akarudi nyuma, akaupiga kwa nguvu zote. Ulipaa vizuri, ukasita angani, ukaanza kurudi. Ulitua hatua chache nje ya boksi lake na beki wake akaupokea kwa kifua, uso umeangalia goli lake mwenyewe. Jukwaa zima likacheka. Kipindi cha pili kipa wa nyumbani hakujaribu upuuzi huo; alipiga chini, fupi, pembeni.

Na mashabiki nao wana kawaida yao. Gayfield bado ina sehemu za kusimama, na mapumziko yakifika kundi la nyuma ya goli huzunguka uwanja mzima kwenda nyuma ya goli jingine, ili timu yao iwe inashambulia kuelekea kwao. Wazee kwa watoto, vikombe mkononi, wanapishana na mashabiki wa wageni wanaokuja kinyume. Hakuna polisi wa kuwatenganisha.

Vikombe hivyo havina bia. Baada ya fainali ya Kombe la Uskoti ya Mei 1980, ambapo mashabiki wa Celtic na Rangers waliingia uwanjani na kupigana, sheria iliondoa pombe majukwaani, na kwa miaka mingi haikurudi kwa shabiki wa kawaida. Wanakunywa Bovril, mchuzi mzito wa ng'ombe uliozimuliwa kwa maji ya moto. Mara ya kwanza utadhani umepewa supu kwa makosa. Kwa baridi ile, utaomba cha pili.

Ni hapa Gayfield, Septemba 12, 1885, Arbroath ilipoifunga Bon Accord ya Aberdeen mabao 36-0 kwenye Kombe la Uskoti. John Petrie, kijana wa miaka 18, alifunga 13. Inasimuliwa kwamba kipa wa Arbroath alikaa chini ya mwavuli muda mwingi wa mchezo. Siku hiyohiyo, Dundee Harp iliifunga Aberdeen Rovers 35-0, na nadhani hakuna timu katika historia iliyoonewa na kalenda kama Dundee Harp.

Lakini hadithi inayozungumzwa zaidi mjini siyo hiyo ya kale. Msimu wa 2021-22 Arbroath, wachezaji wake wakiwa watu wenye ajira nyingine, wanaofanya mazoezi jioni baada ya kazi, chini ya kocha mzee Dick Campbell na kofia yake ya sufu, ilimaliza ya pili Championship, pointi mbili nyuma ya Kilmarnock. Ilibaki kidogo sana timu ya mafundi na walimu icheze ligi moja na Celtic. Ikatolewa na Inverness kwenye mchujo kwa penalti.

Wakati huo watu walianza kuulizana kwa sauti: wakipanda, Gayfield itakubaliwa? Swali halikuwa la kipuuzi. Uskoti ilikwisha kulijibu vibaya huko nyuma.

Viti elfu kumi

Mwaka 2003 Falkirk ilikuwa bingwa wa daraja la pili. Haikupanda. Ligi kuu ya wakati huo ilidai kila klabu iwe na uwanja wa viti 10,000, na uwanja wa Falkirk, Brockville, haukuwa hata karibu. Klabu ikaomba kutumia uwanja wa Airdrie. Vilabu vya juu vikakataa. Motherwell, waliomaliza mkiani, wakabaki kwa kuokolewa na hesabu ya viti. Brockville ukabomolewa mwaka huohuo. Leo pale ni supamaketi.

Mwaka uliofuata zamu ikawa ya Inverness Caledonian Thistle. Wao waliruhusiwa kupanda, kwa sharti wacheze mechi za nyumbani Aberdeen, zaidi ya kilomita 160 kutoka kwao. Fikiria shabiki anayesafiri saa mbili na zaidi kwenda "nyumbani". Haikufika hata msimu mmoja, kanuni ikashushwa hadi viti 6,000, na Januari 2005 Inverness wakarudi kwao. Miaka kumi baadaye walitwaa Kombe la Uskoti.

Airdrieonians ndiyo iliyolipa zaidi. Waliuza uwanja wao wa Broomfield mwaka 1994, nao ukawa supamaketi, wakawa wapangaji kwa miaka minne, wakajenga uwanja mpya wa viti 10,000 uliofunguliwa 1998. Mji hauna watu wa kujaza viti hivyo. Mei 2002 klabu ikafilisika ikafa, na nafasi yake wakapewa Gretna, ambao nao hawakumaliza miaka sita.

Kanuni ya viti 10,000 haipo tena. Brockville haipo. Airdrieonians ya zamani haipo. Kanuni ilibadilishwa kwa kura. Vilivyobomolewa havirudi kwa kura.

> Kanuni ya viti 10,000 ilifutwa. Viwanja vilivyobomolewa kwa ajili yake havikurudi.

Stesheni isiyo na treni

Angus, eneo la miji midogo, lilikuwa kwa miaka mingi na vilabu vinne kwenye ligi: Arbroath, Montrose, Forfar na Brechin. Ni eneo unaloweza kulizunguka kirahisi, japo urahisi wenyewe una mipaka. Montrose ni robo saa kwa treni. Forfar unapanda basi, kwa sababu stesheni iliyoupa uwanja wa Station Park jina lake ilifungwa mwaka 1967. Treni imekwenda, jina limebaki.

Montrose na Forfar wote wamehamia nyasi bandia. Ukizungumza na mpenzi wa soka wa kizamani atakuambia mpira kwenye plastiki si mpira, na mchezaji mwenye goti bovu atakuambia maneno makali zaidi. Ila ukipita Links Park, uwanja wa Montrose, siku isiyo ya mechi, watoto wapo. Nyasi za asili kwenye baridi hii hazimudu zaidi ya mechi chache kwa mwezi. Barafu ikikamata, mwamuzi huja asubuhi, hukanyaga, huahirisha. Bandia hukodishwa kila jioni, na kodi hiyo ndiyo inayolipa bili.

Hapo napo kanuni imeingia. Mwaka 2024 vilabu vya Premiership vilipiga kura ya kupiga marufuku nyasi bandia kwenye ligi yao kuanzia msimu wa 2026-27. Falkirk na Livingston waliopanda mwaka 2025 wote walikuwa nazo. Maana yake, klabu ndogo inayotegemea plastiki ili iishi, ikibahatika kufika juu, itaingia gharama ya kung'oa kile kilichoifikisha. Hapa nawaelewa wachezaji. Kwa ligi kuu, nyasi za asili ni haki yao. Ila fedha za kuhama zilipaswa kuwa sehemu ya kura.

Forfar, kabla ya mechi, unakula bridie: sambusa kubwa ya kuoka, nyama ya kusaga ndani, umbo la kiatu cha farasi. Kula nje ya uwanja, dukani kwa mwokaji, ikiwa bado inatoa mvuke.

Brechin nilikwenda kwa ajili ya ua. Upande mmoja wa Glebe Park hauna jukwaa wala ukuta. Una ua wa miti uliokatwa sawasawa, mrefu kuliko mtu, na mpira ukiruka upande ule mtu hutumwa kuutafuta. Klabu hii imepitia mengi. Msimu wa 2017-18, kwenye Championship, ilicheza mechi 36 bila kushinda hata moja: sare nne, vipigo 32. Miaka mitatu baadaye ikatoka ligi kabisa. Ikahamia Highland League, mechi za nyumbani zikabaki Glebe Park, na ua bado unakatwa.

Hoja ya ligi

Itakuwa dhuluma kuwaandika waweka kanuni kama wakoloni wa makaratasi. Januari 2, 1971, watu 66 walikufa Ibrox kwenye ngazi namba 13, wakati mashabiki wakitoka mechi ya Rangers na Celtic. Sheria ya usalama wa viwanja ya mwaka 1975 ilizaliwa na msiba ule. Kila mlango wa dharura, kila kizuizi na kila kikomo cha idadi ya watu unachokiona kwenye viwanja hivi vidogo kimeandikwa kwa majina ya marehemu. Hilo halina mjadala.

Ligi ina hoja ya pili: haki ya ushindani. Vilabu vingine vimetumia fedha kutimiza masharti. Ukimsamehe mmoja, umemwadhibu aliyetii. Bonnyrigg ilipanda mwaka 2022 ikijua sharti la mteremko lipo, na ilipewa muda kabla pointi hazijakatwa. Mwaka 2024 Buckie Thistle, bingwa wa Highland League, hakuruhusiwa kucheza mchujo kwa kukosa masharti ya leseni. Kanuni ni kanuni.

Nimeisikia hoja hiyo na bado naona pana kasoro. Mlango wa dharura unaokoa maisha. Mteremko haumuui mtu, na hausaidii upande mmoja: timu hubadilishana magoli mapumziko yakifika, kila moja inapanda dakika 45 na kushuka dakika 45. Anayedhani uwanja ulioinama si wa soka la maana aulize Hibernian. Easter Road, uwanja wao Edinburgh, ulikuwa na mteremko mashuhuri kwa zaidi ya karne. Juu ya mteremko huo walitwaa ubingwa wa 1948, 1951 na 1952, na wakaandaa nusu fainali ya Kombe la Ulaya la kwanza kabisa, msimu wa 1955-56, dhidi ya Reims. Waliusawazisha mwaka 2000 tu. Hakuna aliyewapoka pointi.

Wasomaji wa Tanzania wanaijua adhabu ya viwanja. Bodi ya Ligi hufungia uwanja usiokidhi vigezo, na timu huhamia kwingine mpaka marekebisho yafanyike. Inaumiza mfuko na inaumiza mashabiki, lakini matokeo ya uwanjani hayaguswi. Kupoka pointi ni jambo zito zaidi: ni kusema ushindi wenyewe haukuwepo. Adhabu hiyo inastahili klabu iliyomchezesha mchezaji asiyesajiliwa, au iliyoficha madeni. Kwa mteremko, faini ingetosha. Na kama ligi inataka viwanja vilivyonyooka, faini hizo ziende kwenye mfuko wa kuvinyoosha, kwa sababu kusawazisha uwanja mzima ni kazi ya udongo, mifereji na mashine, na klabu ya daraja la nne haina fedha hizo kwenye droo.

> Mlango wa dharura unaokoa maisha. Mteremko haumuui mtu.

Ukipita huku

Wapo wengi kati yetu wenye ndugu Edinburgh, Glasgow au Aberdeen, na wengi wakienda kuwatembelea hupiga picha Celtic Park, hupiga picha Ibrox, hurudi. Jumamosi moja nenda Arbroath. Mechi huanza saa tisa alasiri. Angalia asubuhi kama haijaahirishwa. Vaa koti kubwa kuliko unavyodhani unahitaji, na usisimame upande wa bahari kama hukuzoea.

Tiketi yako moja kwenye uwanja wa namna hii ina maana kuliko kwa wakubwa, kwa sababu milango hii inaishi kwa viingilio, pai na kodi ya uwanja. Na ukiwa na Jumamosi ya pili, nenda Bonnyrigg. Lipa mlangoni, chagua upande wa juu, na ujionee mwenyewe kama hicho ni kitu cha kupokwa pointi sita.